Ukingo Uko Wapi? Uvuvi wa Kujiburudisha na Wakazi wa Mbotela



Nimeombwa nizungumzie uvuvi wa kujiburudisha katika maziwa na mabwawa. Hoja yangu ni kwamba sisi wa Mbotela, hapa Eastlands, hatukosi hamu ya kuvua, wala nchi hii haikosi samaki. Tunachokosa ni ukingo wa kusimama.

Tuanze na maji ya karibu. Mto Ngong, unaopita nyuma ya viwanda vya Industrial Area, hutoka Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi watu waliendesha mashua za tanga na kuvua kwa ndoano pale. Kufikia miaka ya 1990 gugumaji lilikuwa limelifunika, majitaka yakaingia, tope likajaa. Samaki wa humo leo simshauri mtu amle. Hasara hii inaniuma, kwa kuwa hayo ndiyo maji ambayo mtoto wa Mbotela angeyafikia kwa nauli ya matatu.

Kwa sasa, mwenye kutaka kuvua aende Ziwa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Karibu kila samaki anayevuliwa pale ni mgeni. Samaki mdogo aliyekuwa mwenyeji hajaonekana tangu miaka ya 1960. Besi mweusi aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate mchezo wa ndoano. Tilapia nao waliletwa, na mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi, ambao besi huwapenda sana. Kapi alionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaongezeka haraka mno.

Kwa anayeanza, namshauri awinde tilapia. Vifaa ni mshipi mwembamba, ndoano ndogo, chubwi na chelezo. Chambo ni nyungunyungu, au ugali mgumu uliokandwa hadi unate, kisha ukaviringwa uwe kama punje ya hindi. Tilapia hana pupa: hukionja chambo, hukitema, hurudi. Chelezo hutikisika, hutulia, halafu huanza kwenda upande. Hapo ndipo unapovuta. Anayevuta kwa mtikiso wa kwanza huambulia ndoano tupu, na hili huwashinda wengi kuliko jambo lolote jingine. Samaki mdogo mrudishe majini ukiwa umelowesha mikono, usije ukamtoa ute unaomkinga.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Naivasha ina viboko. Jua likianza kushuka, toka ukingoni. Masinga, bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981, lina viboko na mamba pia, hivyo watoto wasipelekwe huko bila mwenyeji anayeyajua maji. Leseni nayo ni lazima: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016 inautambua uvuvi wa michezo, kwa hiyo ulizeni ofisi ya uvuvi kabla ya safari.

Nirudi kwenye ukingo. Pale Naivasha mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu binafsi zimeyazunguka maji, na mwananchi wa kawaida hubanwa kwenye fukwe chache za umma kama Karagita na Kamere, akigombania nafasi na wavuvi wanaotafuta riziki. Si haki kuwalaumu wavuvi hao; ziwa ndilo shamba lao. Lawama ni ya mpango uliosahau kwamba asiye na uanachama wa klabu naye huhitaji kupumzika.

Kwa hiyo napendekeza kamati ya mtaa ipeleke ombi kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti: popote Bwawa la Nairobi na Mto Ngong vinapotajwa katika mipango ya usafishaji, njia ya umma ya ukingoni iandikwe humo tangu mwanzo, ikiwa na sehemu ya kuvulia na maji yanayopimwa mara kwa mara. Ukingo ukishagawiwa watu, kuurudisha mikononi mwa umma ni kesi ya miaka. Vijana wanaotaka kusaidia kuandika ombi hilo wabaki tukimaliza, tulianze leo.