Kusaidiana Katika Mahitaji ya Nyumbani

Hotuba iliyosomwa na mwalimu mkimbizi katika sherehe ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Nakivale



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya kikundi chetu cha wazazi na walimu, ambacho kazi yake ni kusaidia nyumba zenye shida kupata mahitaji ya kila siku: chumvi, sabuni, unga, sufuria, jerikani, blanketi, na nauli ya mgonjwa. Tumekubali kwa furaha. Lakini tunaomba ruhusa tusiseme sifa tu. Tutaeleza yaliyofanikiwa, na tutaeleza pia kosa tulilolifanya, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha kazi.

Ndugu zangu, Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Tangu hapo tumefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea, na desturi ya nchi hii ni kumpa mkimbizi kipande cha ardhi alime. Kwa hayo tunaishukuru Serikali, na tunawashukuru wenyeji wetu wa Isingiro na Mbarara.

Lakini tusidanganyane. Waliofika zamani walipata mashamba makubwa. Waliofika baadaye wamepata viwanja vidogo, na jua la Isingiro tunalijua. Na mgao wa chakula nao tunajua ulivyokwenda. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya kipimo cha mwanzo. Katikati ya mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu: nyumba zenye shida kubwa kabisa zilipewa asilimia 60, nyumba za kundi la katikati asilimia 30, na nyumba zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea hazikupewa kitu. Kisha mwezi wa Mei 2025, fedha za wafadhili zilipopungua sana, watu wapatao milioni moja katika Uganda nzima waliondolewa katika mgao.

Hatusemi haya ili kulaumu. Shirika linagawa kile lilichopewa. Tunasema ili ieleweke kwa nini mama anayelima, anayefua nguo za watu na kuuza mkaa, bado anaweza kufika jioni bila chumvi ndani ya nyumba. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Msaada wa mbali tunauhitaji na tutaendelea kuuomba. Lakini nyoka yumo ndani ya nyumba usiku huu, na fimbo iliyo karibu ni jirani.

Kuwekeana akiba si jambo tulilofundishwa na wageni. Wakongo wana likelemba, Wanyarwanda wana ikimina, Wasomali wana hagbad, Waethiopia wana ikub, na ndugu wa Tanzania wana upatu. Njia ya sanduku tunayoitumia siku hizi nayo ilianza Afrika, huko Maradi nchini Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa vijijini wakatengeneza utaratibu wa kuweka na kukopa bila benki. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu, hivyo hakuna awezaye kulifungua peke yake. Kila juma mwanachama ananunua hisa. Anayetaka anakopa na kurudisha na faida kidogo. Mwisho wa mwaka fedha zinagawanywa kwa hesabu ya hisa. Pembeni kuna mfuko wa jamii, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na njaa.

Ndivyo tulivyoanza. Tulikutana kila Jumamosi chini ya mti karibu na shule. Sisi walimu tuliandika daftari, maana ndiyo kazi tunayoiweza. Kila nyumba ilipaswa kutoa shilingi elfu moja kwa juma kwa mfuko wa jamii. Na sheria yetu ilikuwa fupi: atakayekosa kutoa majuma matatu mfululizo, jina lake linafutwa. Tuliiandika kwa wino mwekundu, kama tunavyosahihisha mitihani.

Sasa tunafika kwenye kosa.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto watano. Ametupa ruhusa tuseme habari hii bila kumtaja jina. Alikosa kutoa juma la kwanza, akakosa la pili. Juma la tatu akafika mapema kuliko wote, akatoa shilingi elfu tatu kwa mara moja. Tukampigia makofi. Tukasema mbele ya watu: mnaona, mwenye nia hakosi.

Juma lililofuata mwanawe wa darasa la nne hakuja shule. Siku ya tatu tukaenda kumtembelea. Ilikuwa saa saba mchana. Mafiga yalikuwa baridi. Mtoto alikuwa nyumbani kwa jirani, amekaa mlangoni, akingoja wamalize kupika ili aazime sufuria. Kila siku alifanya hivyo, na kwa sababu hiyo hakuweza kuja darasani. Mama alikuwa ameuza sufuria yake ili atulipe sisi.

Ndugu zangu, pimeni wenyewe. Tulianzisha mfuko ili kusaidia nyumba isiyo na sufuria, na mfuko huo huo ukaiondoa sufuria katika nyumba iliyokuwa nayo. Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu kwa upole: "Mwalimu, ningewaambia saa ngapi? Mlikuwa mnapiga makofi."

Jioni ile tukaitisha mkutano. Haukuwa mkutano rahisi. Wengine walisema tukimnunulia sufuria, kesho kila nyumba itakuja kusema imeuza yake. Wengine walisema sheria ni sheria. Tulibishana mpaka giza likaingia. Ndipo mzee mmoja akauliza: tangu tuanze, ni nyumba ngapi zimekuja kutudanganya ili zipewe kitu? Mweka hazina akafungua daftari, akatazama kurasa zote kwa mwanga wa tochi. Hakuna hata moja. Tulikuwa tunajilinda na mwizi ambaye hajafika, na huku mwenye shida tumemfungia mlango.

Sufuria ikanunuliwa. Mtoto akarudi darasani. Nasi tukabadilisha mambo matatu, ambayo tunapenda kuyaacha kwenu kama ushauri.

Jambo la kwanza, tulitenganisha akiba na msaada. Anayeweza kununua hisa na anunue, na sheria za hisa ni kali kama zamani. Lakini mfuko wa msaada hauna kiwango. Mtu anatoa alicho nacho: shilingi mia mbili, kikombe cha maharage, mzigo wa kuni, au siku moja ya kumlimia mgonjwa. Asiyekuwa na kitu hafutwi. Tunamwandika kuwa amefika, na hilo linatosha.

Jambo la pili, hatungoji mtu aje kuomba mbele ya watu. Katika kila nyumba kumi tumechagua wawili, mmoja mwanamke, wenye kutembelea. Wanaangalia kama moshi unatoka jikoni, kama mtoto anakwenda shule, kama jerikani imepasuka. Wakiona shida, wanaileta kwa wenye funguo watatu, si kwa mkutano. Siku ya Jumamosi tunasoma fedha zote kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na vitu vilivyonunuliwa. Majina ya waliosaidiwa hatuyasomi. Hesabu iwe wazi, lakini njaa ya mtu isitangazwe.

Jambo la tatu, tumejifunza kununua pamoja. Katika vituo vya biashara vya hapa kambini mche wa sabuni unauzwa kwa bei inayomshinda mtu wa hali ya chini. Kwa hiyo tunakusanya fedha, na mmoja wetu mwenye safari ya Mbarara ananunua kwa bei ya jumla: sabuni kwa katoni, chumvi kwa furushi. Tukitoa nauli na usafirishaji, bado tunabakiwa na unafuu. Sufuria kubwa, jerikani na blanketi chache ni mali ya kikundi, na mwenye mgeni, mzazi au msiba anaazimwa.

Tumetaja Mbarara, na hapo pana jambo jingine linalovunja nyumba nyingi. Mgonjwa akizidiwa anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Gari la wagonjwa likija tunashukuru. Lakini ninyi nyote mnajua hospitali ya Serikali ilivyo: mgonjwa huenda na mtu wa kumwuguza, wa kumfulia na kumpikia. Huyo anahitaji beseni, sabuni, chakula, na nauli ya kurudi. Na mara nyingi anayeuguza ndiye mama wa nyumba. Akiondoka yeye, watoto wanabaki na nani? Tumewahi kuona binti wa miaka kumi na miwili akigeuka mama wa wadogo zake majuma matatu, na shule ikamponyoka.

Katika jambo hili tumejifunza kwa wenyeji wetu. Wazee wa Ankole wametueleza habari za engozi, machela ya kusuka. Zamani, kabla ya magari, nyumba za kilima kimoja zilikuwa na chama cha engozi. Mtu akiugua, wanaume walimbeba mabegani kwa zamu mpaka hospitali, na asiyetokea zamu yake alitozwa faini. Hawakuuliza mgonjwa ana fedha kiasi gani. Waliuliza zamu ni ya nani. Sisi hatubebi tena kwa mabega, lakini tumechukua desturi ile ya zamu. Nyumba ikipeleka mgonjwa Mbarara, jirani wa kwanza analala na watoto, wa pili anapika, wa tatu anachota maji, na mfuko unatoa beseni, sabuni na nauli ya kurudi. Orodha ya zamu imebandikwa kabla mtu hajaugua.

Waheshimiwa wageni, tunayo maombi mawili kwenu, nasi tunayasema kwa adabu. La kwanza: kabla hamjaiandika nyumba kuwa inajitegemea, ulizeni nyumba kumi zinazoizunguka. Karatasi inaweza kuona mabati juu ya paa isione mafiga yaliyo baridi. Sisi wenyewe, tunaoishi hapa, tulimpigia makofi mtu mwenye njaa. Si ajabu mgeni akikosea. La pili: mkitaka kutusaidia, msije na sheria ya wino mwekundu. Tusaidieni kwa mafunzo ya hesabu, kwa sanduku imara, kwa mbegu za wakati wake, kisha mtuachie tupange wenyewe nani ana shida.

Na kwetu sisi wakazi, neno ni hili. Kikundi chetu ni kidogo. Kikombe cha maharage hakiwezi kuziba pengo la mgao, na yeyote anayesema kwamba wakimbizi sasa wanasaidiana hivyo misaada ipunguzwe zaidi, hajatuelewa. Sisi tunachoweza ni kuhakikisha kwamba hakuna nyumba inayolala njaa huku jirani hajui. Hilo halingoji mfadhili. Mtaa ambao bado hauna wenye kutembelea, uchague wawili Jumamosi hii. Wawe watu wanaoaminika kwa ulimi kuliko kwa mali, maana siri ya jikoni ni kitu cha kutunzwa.

Yule mama tuliyemtaja yuko hapa leo, katikati yenu. Kwa sasa ni mmoja wa watatu wenye funguo. Tulipomchagua hatukupiga makofi. Tulimwuliza kwanza nyumbani kukoje.