Mwana-mbuzi wa chupa



Wengi wenu mulirudi Baraka toka Nyarugusu bila mfugo hata moja, na huyu mbuzi ndiye wa kwanza. Mapatano tunayajua: mtoto jike wa kwanza anaenda kwa jirani anayengojea. Akikufa, ni nyumba mbili zinapoteza.

Basi, mama yake akikufa ao akimukataa, mutie kidole ndani ya kinywa. Kikiwa baridi, usimupe maziwa bado. Umupanguse, umufunike kitenge kikavu karibu na moto mpaka apate joto.

Kisha maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, mbele saa 6 zipite. Mama yake hayuko? Kamua mbuzi mwingine aliyezaa siku ile. Mtoto wa kilo 2 anahitaji mililita 200 siku hiyo, zigawanywe mara 4 ao 5.

Maziwa yawe vuguvugu, chupa ichemshwe kila mara. Asimame, kichwa juu kidogo, kama ananyonya mama yake. Usimulaze chali kama mtoto wa mtu: maziwa yataingia mapafuni. Akilia tena, usimuongezee ovyo. Kushiba kupita kiasi kunaleta kuhara.

Wafadhili wetu, mbuzi mulishatoa. Sasa tunaomba chupa na chuchu zake. Ni vitu vidogo, lakini ndivyo vitamufikisha mbuzi kwa nyumba ya pili.