TAKATAKA ZA NYUMBANI NA ZA SIKUKUU: SUALA LA HAKI
(Mada iliyotolewa Moa mbele ya viongozi wa Jumuiya Ndogondogo na wa vyama vya kitume)



Mwinjili Yohane, baada ya kutusimulia jinsi watu elfu tano walivyoshibishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, anaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalipita upesi. Bwana hakukubali watu waondoke na kuyaacha mabaki yametapakaa majanini. Aliwaamuru wanafunzi wayakusanye, na vikajaa vikapu 12. Yeye aliyekuwa na uwezo wa kuuongeza mkate hakuona haya kuyajali makombo.

Na sisi je? Afadhali tuanze kwa kujishtaki wenyewe. Jumatatu ya Pasaka tulipita katika uwanja ambamo jana yake tulikuwa tumekula pamoja. Tulikuta chupa za maji, vikombe vya plastiki, sahani za kutupa zenye pilau iliyoliwa nusu, na mbuzi wawili waliokuwa wakitafuna mfuko ulionukia mchuzi. Chupa nyingi zilikuwa zimetoka meza ya wageni wa heshima, yaani meza yetu sisi mapadre. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alizoa vyote hivyo kwa toroli akavimwaga kwenye mikoko ili maji yakijaa yavichukue.

Yavichukue yavipeleke wapi? Wavuvi mliopo hapa mnajua kuliko sisi kwamba mkondo wa bahari katika pwani hii huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi. Basi kinachoondoka Moa hakipotei. Kingine hunaswa na mizizi ya mikoko, mahali pale pale kaa na samaki wachanga wanapojificha. Kingine huwafikia ndugu zetu wa Vanga, ng'ambo ya mpaka. Na kingine humezwa na kasa anayedhani mfuko uleao majini ni yavuyavu. Nasi kwa upande wetu hupokea taka za walio kusini mwetu. Hapo ndipo neno haki linapoingia. Anayefaidi chupa ni mmoja, na anayeubeba mzigo wake ni mwingine ambaye hakuulizwa.

Wazee wetu walikuwa na jaa, wala jaa halikuwa aibu. Majani ya ndizi, maganda ya mihogo, majivu na magamba ya samaki viliozea huko vikarudi shambani. Chicha la nazi walipewa kuku. Kifuu kiligeuka upawa, au kilikokea moto. Makumbi yalifukiwa matopeni mpaka yakalainika, yakasokotwa kamba. Makuti yalisukwa pakacha, na pakacha likichakaa lilichomwa bila kumdhuru mtu. Kopo lilikuwa koroboi. Hatusemi hayo kwa kutamani umaskini wa zamani. Tunasema kwamba ujuzi wa kutumia kitu mara ya pili na ya tatu hatukuletewa na wageni. Kilichobadilika ni takataka zenyewe. Tumeendelea kutupa kana kwamba kila kitu bado kinaoza.

Akina mama, mturuhusu tuseme jambo la jikoni. Wengi huwashia jiko la mkaa kwa kipande cha plastiki kwa sababu mafuta ya taa ni ghali na plastiki hushika moto upesi. Moshi ule ni sumu. Anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinama kupuliza, na mtoto aliye mgongoni mwake. Kumbi kavu au kipande cha kifuu hufanya kazi ile ile, tena hapa Moa havinunuliwi.

Jambo la pili ni betri. Betri za redio na tochi zikiisha hutupwa chooni au nyuma ya nyumba, na watoto huzipasua kutoa unga mweusi. Zamani hata shuleni unga huo ulipakwa ubaoni, na wengine wetu tulitumwa kuusaga kwa mikono yetu. Tusiwarithishe watoto kazi hiyo. Betri zisichomwe, wala zisifukiwe karibu na kisima. Ziwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, mpaka zipelekwe mjini pamoja.

Tena kuna maji yanayotuama. Mwaka 2019 homa ya dengi iliwapata watu wengi Dar es Salaam, na Tanga pia haikusalimika. Mbu wake huzaliana katika maji machache: kwenye kopo, tairi bovu, au kifuu kilicholala chali. Kukifudikiza kifuu hakuhitaji mfadhili.

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, na inazipa serikali za mitaa wajibu juu ya taka ngumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Wenzetu wa Kenya walitangulia Agosti 2017. Kikapu kimerudi sokoni, nasi tunashukuru. Lakini chupa haikukatazwa, na gari la taka halifiki kila kitongoji. Kwa hiyo suala hili lipelekwe pia katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa adabu na bila kuchoka: je, dampo letu litakuwa wapi, na nani atalisimamia? Kumlaumu mama anayechoma taka huku hajaonyeshwa pa kuzipeleka ni kumwonea.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakuona ni jambo dogo kutaja kutenganisha taka na kupika kiasi kinachoweza kuliwa. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Unguja mwaka 2019. Sisi hatuna haja ya jahazi. Tunapendekeza kwamba katika sikukuu ijayo maji yatolewe katika mitungi, mapadre wakiwa wa kwanza kunywea vikombe vya kuosha. Kila jumuiya ije na sahani zake. Na vyombo viwili viwekwe mlangoni, kimoja cha vinavyooza, kingine cha chupa na makopo, ambavyo wanunuzi wa vyuma chakavu na plastiki wanaweza kuvichukua. Majirani zetu Waislamu nao wana Idi zao na arusi zao, na bahari hii ni yetu sote. Tuwaendee mapema, tusiwangoje waje kutuuliza.

Lililobaki ni nani atafanya nini. Tungependa WAWATA waanze kutueleza kama sahani zitatosha, kisha tuwasikie vijana kuhusu usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kama lile toroli linaweza kwenda mahali pengine kuliko kwenye mikoko.