Mwani, Chuo na Mkataba

Hotuba iliyotolewa na mhasibu wa chama katika mkutano wa harambee ya mwaka



Nimepewa dakika kumi nizungumzie fedha. Nitaanza na deni langu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita tulichangishana tukanunua mashine ya kusaga mwani kwa ajili ya kikundi cha akina mama kijijini. Hundi niliisaini mimi. Mashine ilisaga msimu mmoja tu, chumvi ikala vyuma, na leo imefunikwa turubai nyuma ya skuli. Risiti zote ninazo na hesabu zimefunga vizuri, ila hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mtaalamu kabla ya kulipa.

Na mtaalamu hakuwa mbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko mjini Unguja. Tena chuo hicho kina mkono wake katika kilimo hiki tangu mwanzo. Profesa Keto Mshigeni aliutafiti mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, akahimiza ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza mashariki mwa Unguja, kwa mbegu kutoka Filipino na kampuni zenye soko nje. Wengi tuliomo humu ndani tumevaa sare za skuli kwa fedha za mwani. Mimi ni mmoja wao: nilibeba mambo na kamba za mama kila bamvua.

Leo mambo yamebadilika. Cottonii, aina yenye bei nzuri, hufa maji yanapozidi joto. Imebaki spinosum, ambayo bei yake haimrudishii mama jasho lake. Dk. Flower Msuya wa taasisi hiyo alishirikiana na wakulima kujaribu neti za bomba kwenye maji ya kina, na kuwafundisha kutengeneza unga na sabuni za mwani. Si kazi rahisi: maji ya kina yanataka chombo na mtu anayejua kuogelea. Lakini mambo kama hayo hujulikana kwa kujaribu, na majaribio yanataka fedha pamoja na ujuzi.

Sasa mnunuzi mmoja wa mjini ameonyesha nia ya kuchukua unga wetu ukiwa na ubora usiobadilika. Hapo ndipo tunapokihitaji chuo, na hapo ndipo ninapoomba tuwe waangalifu.

Mwaka 1965 Dk. Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walitengeneza kinywaji cha kuwarudishia wachezaji maji na chumvi. Ndicho Gatorade. Kampuni ya Stokely-Van Camp ikakichukua na kukiuza. Fedha zilipoanza kumiminika, chuo na watafiti wake wakavutana kisheria juu ya nani mwenye haki. Mwishowe chuo kikapata asilimia 20 ya mrabaha, na mpaka leo kinavuna mamilioni ya dola. Mvutano ulikuja kwa sababu umiliki haukuwekwa wazi mapema. Ikiwa wasomi wale walifikishana huko, sisi wa maneno ya mdomo tutafika wapi?

Kwa hiyo kamati inaomba mwaka huu tusinunue mashine nyingine. Tulipie mwaka mmoja wa majaribio pamoja na chuo: kukausha kwenye chanja, kusaga, na kupima ubora wa unga. Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, mkataba uandikwe kwa Kiswahili, mama zetu wausome. Useme jina na nembo ya bidhaa ni ya nani, nani atatengeneza kifaa kikiharibika, mnunuzi atalipa lini, na kikundi kitapata fungu gani bidhaa ikifika madukani. Na katika watia saini wa akaunti, wawili wawe akina mama wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Safari ile daftari lilikuwepo, mali ikaisha hata hivyo, kwa kuwa tulikosa ushauri. Safari hii tuwe na vyote viwili.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Jina la kwanza mtakalolikuta hapo ni langu.