Mchezo Huu ni wa Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maigizo, kwaya na ngoma kutoka Thika na Ruiru)

Nimeombwa niseme machache juu ya sanaa na maendeleo. Nitaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wafanyakazi wa maendeleo tuliketi ofisini tukaandika mchezo juu ya chang'aa. Tukauleta hapa Ruiru Jumamosi moja. Muuza pombe tulimfanya mama mjinga, mwenye kelele, na watu wakacheka sana. Lakini mama mmoja aliyeketi mbele aliinuka, akambeba mtoto wake, akaenda zake. Nilipomfuata akaniambia, "Mwalimu, mmenifanya kichekesho. Mbona hamkuonyesha siku ile mtoto wangu alifukuzwa shule kwa sababu ya karo?"

Jamani, sikuwa na jibu. Kumbe hatukuwa tumemwuliza neno hata moja.

Hapa ndipo nilipokumbuka Kamiriithu. Wengi wenu mmesikia jina hilo, kwa maana Limuru ni Kiambu yetu hii hii. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alikwenda kwa Ngugi wa Thiong'o, akamwomba yeye na wasomi wenzake wawagawie wanakijiji elimu yao. Alirudi tena na tena mpaka akakubaliwa. Wakaanza na kisomo cha watu wazima, halafu maigizo. Ngugi na mwenzake Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, na Kimani Gecau akauongoza.

Sasa sikilizeni walivyofanya kazi. Mchezo ulisomwa mbele ya watu. Wazee walisahihisha lugha. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walieleza kazi ilivyo na mshahara ulivyo. Wanaojua nyimbo za zamani walizifundisha. Mazoezi yalifanyika hadharani, na kila mpita njia aliweza kusema, "Hapo si hivyo." Wanakijiji walijenga wenyewe jukwaa la wazi, mahali pa kukaa watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini karibu mwaka mzima, bila kushtakiwa. Machi 1982 polisi walibomoa jukwaa lile. Lakini mchezo haukufa. Mwaka 2022 ulichezwa Nairobi, katika Jumba la Michezo la Taifa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, lugha. Kamiriithu walitumia Kikuyu kwa sababu ndiyo lugha ya kijiji. Hapa Thika, mtu wa kiwandani huenda ni Mkamba, jirani yake Mluhya, na mwenye nyumba Mkikuyu. Kwa hivyo tutumie Kiswahili kile wanachosema, hata kama kimechanganyika na Sheng.

Pili, mwenye shida asahihishe mchezo kabla haujatoka. Siyo kumwita siku ya maonyesho aje apige makofi.

Tatu, tukubali gharama. Tulirudi kwa yule mama tukamwomba msamaha. Yeye na wenzake wanne walikaa nasi majuma kadhaa. Hakukubali kuigiza, maana aliogopa kujulikana, nasi hatukumlazimisha. Lakini alitueleza jinsi deni linavyodaiwa mlangoni usiku, na jinsi mwanamke anavyohesabu pesa ya unga. Mchezo ukabadilika. Haukumalizika tena kwa muuzaji kukamatwa, bali kwa swali: tukimwambia aache, tunampa nini mkononi? Mfadhili mmoja alitaka ule mwisho wa kwanza, wenye funzo lililo wazi. Tulikataa, na pesa za usafiri zikapotea. Tulitembea kwa miguu.

Siku ya kwanza watu hawakucheka sana. Walibishana mpaka giza likaingia. Mzee mmoja alisema pombe ni pombe, imemwua kijana wake, hataki kusikia habari ya karo. Naye alikuwa na haki ya kusema. Mwishowe akina mama fulani walianza chama cha kuweka akiba ya karo. Wengine waliendelea kupika, siwezi kuwadanganya.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inasema utamaduni ndio msingi wa taifa. Basi msingi huo tuuchimbe pamoja na wale wanaokaa juu yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Mchezo wetu wa mwisho ulimhusu nani? Je, tulimwuliza?
2. Nani alicheka, na nani aliondoka?
3. Mfadhili akitaka tubadilishe mwisho, tutamjibu nini?