Chunusi kwa Mama Mtu Mzima: Dawa ya Kweli Haina Haraka

Leo tutazungumza juu ya chunusi. Si zile za msichana wa shule, bali chunusi za mama wa miaka 25, 30 au hata 40 na kitu, mwenye watoto, ambaye alidhani mambo hayo aliyaacha darasani.

Huenda ukasema, "Hilo nalo ni jambo la kuzungumzia redioni?" Naam, ni jambo. Mama mwenye chunusi hununua krimu moja baada ya nyingine kwa pesa ya unga. Mbaya zaidi, baadhi ya krimu hizo zinaweza kumdhuru yeye pamoja na mtoto anayemnyonyesha.

Kwanza tujue chunusi hutoka wapi. Chini ya ngozi kuna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mafuta hayo hutokea kwenye vitundu vidogo vya vinyweleo. Homoni za mwili zikibadilika, tezi zinaweza kutoa mafuta mengi kupita kiasi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu huziba. Bakteria ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaana humo ndani, ngozi huvimba, na wakati mwingine hutunga usaha. Kwa mama mtu mzima, chunusi hupenda kutokea kidevuni, kwenye taya na sehemu ya chini ya mashavu. Wengi huona zimeongezeka siku chache kabla ya hedhi.

Kwa hiyo chunusi si uchafu. Si damu chafu. Si dalili ya tabia mbaya, na si dalili ya ukimwi, hata majirani wakinong'ona. Wala haziambukizi, kwa hiyo mbebe na umbusu mtoto wako bila wasiwasi. Lakini ukiwa na vipele vinavyowasha sana mwili mzima, huenda huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi. Nenda ukapimwe.

Kwa nini zikutokee sasa? Sababu ni nyingi. Huenda ni mimba, au mwili unabadilika baada ya kujifungua. Huenda ni njia ya kupanga uzazi: kwa baadhi ya wanawake, sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi huongeza chunusi, ilhali vidonge vyenye homoni mbili huzipunguza kwa wengi. Usiache njia yako ghafla, ukapata mimba ambayo hukuipanga. Rudi kwa mhudumu mzungumze juu ya kubadilisha. Dawa nyingine pia huleta vipele vinavyofanana na chunusi, kwa mfano baadhi ya dawa za kifafa, na isoniazidi inayotumiwa kwa kifua kikuu. Hizo nazo usiziache mwenyewe, mweleze daktari. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso huziba vitundu vya ngozi. Na ikiwa hedhi yako inapotea miezi kadhaa, na unaota ndevu kidevuni, mwambie daktari, maana huenda kuna tatizo la homoni linaloweza pia kuzuia kupata mimba.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Tuseme mama mmoja anauza mboga karibu na steji ya Olympic. Rafiki anamwonyesha krimu iliyopakiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi. Anapaka usiku. Baada ya siku nne uso umelainika, chunusi zimenywea, rangi imekuwa nyeupe kidogo, na wateja wanamsifu. Je, amepona?

La, hajapona. Krimu nyingi za namna hiyo huwa na dawa kali za steroidi, kama zile ambazo kwenye tyubu huandikwa betamethasone au clobetasol. Zina kazi yake hospitalini, lakini si kwa chunusi za uso. Hupunguza uvimbe haraka, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba. Mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, nywele huota mashavuni, na chunusi mpya hujitokeza. Ukiacha kupaka, uso huwaka na kuvimba kuliko mwanzo. Hapo unarudi dukani kununua kikopo kingine, na hivyo ndivyo mtu anavyonaswa. Ikiwa umetumia krimu ya namna hiyo kwa miezi mingi, usione haya. Nenda nayo kwenye kituo cha afya, uwaonyeshe, wakusaidie kuiacha.

Krimu na sabuni nyingine za kujichubua huwa na zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi, ikaharibu figo na neva. Humfikia mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Tena hutoa mvuke, na kwenye nyumba ya chumba kimoja kila anayelala humo huuvuta. Soma kopo: ukiona neno mercury au calomel, au onyo la kutoigusisha krimu na dhahabu au fedha, iache. Kuna pia haidrokwinoni, huandikwa hydroquinone. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari, inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Sheria ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi tangu mwaka 1998. Mwaka 2013 mataifa mengi yalikubaliana huko Japani juu ya Mkataba wa Minamata wa kupambana na zebaki, vipodozi vikiwemo. Hata hivyo, vikopo hivyo bado huuzwa, kwa hiyo mlinzi wa kwanza ni wewe.

Basi ufanye nini? Hatua ni hizi.

Kwanza, nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Tunajua maji ya mtungi yananunuliwa. Vikombe viwili vya maji safi vinatosha. Tumia vidole, usisugue kwa nguvu. Sabuni ya kufulia, dawa ya meno na maji ya limau si vya usoni, maana huchoma ngozi.

Pili, usikamue chunusi. Ngozi nyeusi ikiumia huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Jua nalo huzidisha madoa, kwa hiyo ukiwa sokoni kaa kivulini au vaa kofia pana.

Tatu, kwenye kemisti iliyosajiliwa uliza dawa ya kupaka inayoitwa benzoili peroksaidi. Kwenye tyubu utaona imeandikwa benzoyl peroxide. Anza na ile ya nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5. Paka kiasi kidogo sehemu yote inayotoka chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja. Anza usiku mmoja na kuruka mmoja. Ngozi inaweza kukauka kidogo, na hilo ni la kawaida. Angalia, dawa hii hutoa rangi kwenye leso, mto na taulo.

Nne, subiri. Hapa ndipo wengi hushindwa. Dawa ya kweli ya chunusi huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Krimu inayokuahidi uso mpya kwa siku tatu ndiyo ya kuogopa.

Tano, ukiwa mjamzito au ukinyonyesha, sema kabla ya kupewa dawa yoyote. Benzoili peroksaidi kwa kawaida huruhusiwa. Lakini dawa ya kumeza ya doksisaiklini inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto anayekua tumboni. Isotretinoini, ambayo hutolewa kwa chunusi sugu, huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni. Hiyo hutumiwa chini ya daktari tu, pamoja na kupanga uzazi. Usimeze vidonge vya jirani, hata kama vilimfaa yeye.

Na chakula je? Kupunguza soda na sukari nyingi kunaweza kusaidia baadhi ya watu. Lakini usijilaumu kwa sababu ulikula chapati.

Nenda kituo cha afya usipoona nafuu baada ya miezi mitatu, au ukiwa na chunusi kubwa zenye maumivu na zinazoacha mashimo. Mhudumu akiona haja, atakuandikia barua ya kumwona daktari wa ngozi katika hospitali kubwa kama Kenyatta.

Neno la mwisho ni kwa mama mwenye binti nyumbani. Anakuangalia unavyojitazama kwenye kioo. Akikuona unatafuta kikopo cha kujichubua, naye atakitafuta. Akikuona unanawa, unapaka dawa yako na kungoja kwa subira, hilo nalo atalijifunza.

Leo ukifika nyumbani, toa krimu zote ulizonazo, uzisome moja moja. Isiyo na maandishi, usiipake tena.