Sera za Maandalizi ya Dharura katika Vituo vya Afya: Maamuzi ya Kufanywa Kabla ya Maafa

Utangulizi

Sera ya maandalizi ya dharura ni mwongozo rasmi unaobainisha nani atafanya nini, kwa vifaa gani na kwa idhini ya nani, pindi mahitaji ya huduma yanapozidi uwezo wa kawaida wa kituo cha afya. Mada hii inajenga hoja kwamba thamani ya sera hiyo imo katika maamuzi magumu inayoyamaliza mapema, kwa kuwa uamuzi ulioahirishwa hadi siku ya maafa humwangukia mtumishi aliye zamu, ambaye aghalabu hana mamlaka wala muda wa kuufanya.

Aina mbili za dharura

Aina ya kwanza huleta majeruhi wengi kwa mkupuo. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Majeruhi walipokelewa katika hospitali ya mkoa, na wengi wao wakahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Tukio kama hilo hudai uainishaji wa majeruhi, yaani kuwapanga kwa uzito wa hali zao badala ya zamu ya kufika, na hudai makubaliano ya rufaa yaliyofikiwa kabla, kwani aliyeungua vibaya huhitaji maji ya mishipa, dawa za maumivu na mhudumu wa kumwangalia njia nzima.

Aina ya pili hukipiga kituo chenyewe. Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023 uliua watu 6, akiwemo mhudumu wa afya, jambo linaloonyesha kwamba pasipo vifaa kinga na chumba cha kutengea wagonjwa, kituo hupoteza wale wale kinaowategemea. Mjini New York, kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 kiliikuta Hospitali ya Bellevue ikiwa na jenereta ghorofa ya 13, ilhali pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Maji yalipozifunika, watu walipandisha mafuta kwa ngazi, na hatimaye wagonjwa wakahamishwa. Jenereta ilikuwepo, lakini mnyororo mzima wa kuiwezesha kufanya kazi haukuwa umekaguliwa.

Yapasayo kuamuliwa mapema

Kwa msingi huo, sera inapaswa kumtaja mwenye mamlaka ya kutangaza dharura Mganga Mfawidhi anapokuwa hayupo, kueleza ni huduma zipi zitasitishwa ili kupisha wodi na watumishi, na kuonyesha damu, oksijeni na mafuta ya akiba vitapatikana wapi usiku au siku ya mapumziko. Aidha, iwe na msemaji mmoja na utaratibu wa kuwapa ndugu taarifa, kwa kuwa msongamano wao mlangoni huweza kuziba njia ya majeruhi.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kila kituo kifanye zoezi la vitendo angalau mara moja kwa mwaka, likiwahusisha zimamoto, polisi na kamati ya maafa ya wilaya, na kwamba kasoro zitakazobainika ziandikwe pamoja na jina la cheo kitakachozirekebisha, tarehe ya mwisho na fungu la bajeti, kwa maana pengo lisilotengewa fedha litajitokeza tena katika zoezi lifuatalo, au katika maafa yenyewe.